Jina Lililokatwa kwenye Kanda

Butembo, Septemba 1964

Mdogo wangu uliye Kipese,

Mama amepona homa. Mke wako Kaswera amevuna maharagwe, na watoto wanakula.

Jana waasi wa Simba walikuja ofisini kwetu kuchukua mashine ya kunasa sauti. Mkubwa wao akawasha kanda ya somo lako juu ya ugonjwa wa kahawa.

"Nani huyu anasema Kifaransa hivi?"

"Muzungu, chef," nikamjibu mkubwa huyo. "Alisharudi kwao."

"Muzungu anacheka kama Munande wa hapa? Kesho nitaleta mutu anajua Kifaransa." Wakaiacha mashine na kanda mpaka huyo aje.

Unajua wanavyowaua waliosoma. Dada yetu Berthe akanililia mimi mkubwa wake, "Choma yote, yaya!" Sikukubali. Kanda nyingine zote zimeibwa, na kahawa bado inakauka mashambani kwa ugonjwa ule. Nilisikiliza mpaka mwisho, wanafunzi wanapokushukuru kwa jina. Nikakikata kipande hicho kwa makasi, nikaunganisha ncha kwa gundi, kipande nikakitia motoni.

Mtu wao hajafika bado. Usishuke Butembo. Ukishikwa, sema hukufundisha kamwe. Sasa hata kanda haikujui.

Mkubwa wako,
Maliro