Pumzi ya Hamdi

Garsen, Jumapili

Kwako Shangazi Esha,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumai Kipini nyote mu wazima. Huku mto umeshuka na mpunga umeanza kuota.

Darasa langu la kuimba linaendelea. Nafundisha kama ulivyonifundisha, kwamba sauti haikai kooni pekee, bali katika mwili mzima na moyoni. Wanafunzi hulala kwanza mkekani, mkono juu ya tumbo, wakipumua taratibu. Kisha hutembea pekupeku, na kila mmoja husimulia kinachomlemea. Kuimba huja mwisho.

Asli, mama mmoja Muorma, aliniletea bintiye Hamdi. Tangu pacha wake Abdia achukuliwe na mafuriko, Hamdi hakuwa amesema neno. Wiki jana, akiwa amelala mkekani, alivuta pumzi ndefu, akaimba. Asli, aliyekuwa mlangoni, akaingia mbio.

"Hiyo ni sauti ya Abdia!" akalia. "Abdia, mwanangu!"

"Labeka, mama," msichana akaitika.

Shangazi, tangu siku hiyo Asli hamwiti bintiye jina jingine ila Abdia. Humpikia alichopenda marehemu, na amenisihi nisiirekebishe sauti hiyo. Nimekataa. Jana nilimshika msichana mikono, nikamwambia, "Hamdi, leo hatuimbi. Pumzika."

Alinitazama kwa upole.

"Mwalimu, Hamdi ameshapumzika," akasema. "Mimi ndiye nataka kuimba."

Uniombee dua. Kesho atakuja tena.

Mwanao,
Nuriya