Mpini Mgongoni mwa Jobst

Dada Dorothea,

Salamu kutoka kambini, huku vitani Silesia. Mguu wangu umepona, na supu ya kabichi tunapata kila siku.

Wakubwa wa jeshi walikuandikia kwamba mumeo Jobst alikufa akimkabili adui. Ni kweli. Ila sisi masajenti husimama nyuma ya safu na mikuki yetu mirefu, kuwazuia wanaotaka kukimbia. Jobst aligeuka.

“Shemeji, nipishe,” aliniambia taratibu, kama tunapishana jikoni kwako.

Nikamgeuza, nikaulaza mpini wa mkuki wangu mgongoni mwake, nikamsukuma mbele. Risasi ikampata palepale.

Tangu hapo, kila nikiushika mkuki huo nahisi mgongo wake ukiegemea mpini, ukinirudisha nyuma.

Likizo yangu ni Pasaka. Kama hutaki kuniona, mwambie Mama aniandikie. Nitabaki huku.

Kaka yako,
Matthes