Pengo la Mbele na Mume Aliyedhani Amechokwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka tu, maana hata mimi sasa naweza kucheka, ingawa nyumbani kwangu mambo bado hayajatulia.

Mimi ni mwalimu wa chekechea na mume wangu ni fundi wa makochi, na siku moja nikiwa uwanjani nawazuia watoto wasisogelee bembea, ubao wake ukanirudia mdomoni, jino moja la mbele likang'oka palepale na la jirani yake likakatika nusu. Watoto hawakunisumbua, tena walinipokea kama mwenzao, kwa sababu darasa zima limejaa mapengo, na binti mmoja akanipapasa shavu akaniambia, "Mwalimu, litaota tu." Lakini nikifika nyumbani nilikuwa mtu mwingine, kwa sababu huyu mwanaume alinipendea kicheko, aliniambia mwenyewe tulipokuwa wachumba, na ingawa alisema pengo si kitu mimi nikajua ananifariji tu, basi nikaanza kumjibu kwa kutikisa kichwa, kula jikoni peke yangu, akinitania nageukia ukutani, na alipouliza, "Kwani nimekukosea nini?" nikamjibu, "Hamna," huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Mpaka wifi yangu akanivuta pembeni. "Wifi, kaka anasema umemchoka. Kama kuna mtu, sema."

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno bila kumwambia mtu, naye akanieleza taratibu kwamba lile jino lililokatika mzizi wake ni mzima, atalichonga kidogo alivishe taji, yaani kifuniko kigumu kama kofia ya jino, na la upande wa pili wa pengo vilevile, kisha jino la bandia lishikiliwe katikati yao, ndiyo maana wanaliita daraja, akaniwekea la muda kwanza, nalo nikalificha kwa kiganja kilekile, na juzi akaligandisha daraja lenyewe. Akanipa kioo. Mshauri, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikatoka nje nawasalimia hata nisiowajua.

Nikaingia nyumbani natabasamu. Mume wangu akaniangalia, akasema, "Kumbe meno ya kucheka unayo. Unamchekea nani?" Nikakimbilia chumbani. Tangu hapo anashinda karakanani na kurudi kimya. Je, nimweleze kwamba nilikuwa namwonea aibu yeye, au ninyamaze yaishe yenyewe?

Ni mimi, Mwalimu wa Chekechea.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, pole kwa bembea na hongera kwa daraja. Sasa kaa chini nikuseme.

Mumeo alikuambia pengo si kitu, wewe ukaamua anadanganya. Mbele ya watoto ulijiachia, mtu wa kitanda kimoja ukamgeuzia mgongo! Mficha uchi hazai. Naye kakosea kupeleka ya chumbani kwa dada yake, lakini huyo nitamsema siku akiniandikia. Eti yaishe yenyewe? Ya ndoa hayajiishii, huota mizizi.

Kwa kuwa uliacha namba, nilikupigia nikakuamuru uende karakanani mchana uleule, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji yaliyotokea. Ulimkuta anapigilia kitambaa kwenye kochi. Ukamwambia, "Sijakuchoka. Nilikuwa nakuonea aibu."

Akajibwaga kwenye lile kochi, springi zikalia. "Siku zote hizi najiuliza nimekosa nini, kumbe ni jino?"

"Ni jino."

"Hebu cheka nione."

Ukacheka. Akakusogeza dirishani penye mwanga, akalikagua kama anavyokagua mishono yake, akasema, "Aliyekufanyia hii kazi ni fundi." Kisha akacheka yeye, na wewe ukalia, na uliponisimulia kwenye simu, mimi mtu mzima nikashusha pumzi.

Yaliyobaki ni ya kutenda. Daraja halitaki uzembe: pitisha uzi chini ya lile jino la bandia kama daktari alivyokuonyesha, maana uchafu ukijikusanya pale, meno yanayolibeba yataoza ndani ya mataji yao na utarudi ulikotoka. Usifungulie chupa kwa meno, usikatie nyuzi. Nenda ukakaguliwe hata kama huumwi. Wifi yako mweleze kwa mdomo wako, asisikie kwa majirani.

Na kuna jambo ulinitajia kwa kicheko, ila mimi sikucheka. Mumeo alipofungua kinywa kucheka pale dirishani, uliona gego limetoboka, akakiri kwamba anatafunia upande mmoja kwa kuogopa sindano. Kumbe nyumba nzima mlikuwa mnafichana midomo! Hilo gego likiwahiwa, huenda nalo likavishwa taji, likicheleweshwa litang'olewa. Mpeleke kesho asubuhi, kabla hajashika nyundo. Usimbembeleze. Mwambie viatu vyake viko mlangoni, na wewe umeshavaa vyako.