Upole wa Dada

Shoga, nimejifungia chooni hapa saluni, nacheka mpaka mbavu zinauma!

Unamjua dada yangu na amri zake. Leo kawajazisha wasusi wake lile jaribio la tabia la kwenye simu, maswali kumi tu, eti ajue nani anafaa kupokea wateja. Naye kajaza. Majibu kayachapisha.

Akachukua karatasi, akasoma kwa sauti: "Wewe ni mpole, msikivu, huna hasira." Machozi yakamlengalenga! "Hatimaye nimeeleweka! Huyu ndiye mimi kabisa!"

NDIYE MIMI KABISA. Dada yangu huyuhuyu!

Msusi mpya akanong'ona: "Samahani, dada, hiyo ni yangu. Jina langu lipo hapo juu."

Dada akapiga meza, machanuo yakaruka: "Unanikatizaje wakati nasoma upole wangu!"