Matope ya Ijumaa

Ijumaa, 6 Juni

Daftari hili halina msomaji, kwa hiyo naandika: matope ya banda la kuku nayatengeneza mimi. Binti yangu hajui. Tangu mwaka jana, kila Ijumaa jioni nachukua ndoo ya kumwagilia maua, nalowesha pale kuku wanapopenda kuchakura, kisha nawafungulia. Kuku wa kawaida angekanyaga, akajikung'uta, yakaisha. Hawa wangu ni Brahma, wana manyoya mpaka kwenye vidole. Hupita pale kama bibi harusi mwenye gauni la kuburuta. Asubuhi yake kila kidole kina donge gumu kama saruji.

Donge hilo halibanduliwi kwa nguvu. Unyoya mchanga ukikatika hutoa damu. Linataka beseni la maji ya uvuguvugu, mswaki uliochakaa, mtu wa kushika na mtu wa kuosha. Watu wawili. Mimi ni mmoja. Kwa hiyo Jumamosi Binti lazima aje.

Nilipokuwa hakimu nilisikia watu wakikiri mengi. La kijinga kama hili, hapana.

Ndoo leo ilikuwa nzito. Niliijaza nusu tu, na bado nikapumzika njiani — na njia yenyewe ni kutoka bombani hadi bandani.

Jumamosi, 7 Juni

Amekuja. Buti za kazini miguuni — ni mpima ardhi — akakaa kwenye kigoda, jogoo mapajani. Jogoo anaitwa Wakili, maana hanyamazi hata kesi ikishamshinda. Matetea ni Karani na Shahidi. Shahidi hajawahi kuona kitu chochote kwa wakati.

"Baba, hawa wanachafukia wapi? Mvua haijanyesha mwezi mzima."

Nikasema udongo wa hapa una unyevu wake wa asili. Kumwambia hivyo mpima ardhi! Ama ni ujasiri ama ni uzee.

Jirani yetu, fundi cherehani, akachungulia juu ya ukuta na tepu yake shingoni. "Mheshimiwa, kuku wako wanavaa suruali pana, wewe mkanda unatobolewa matundu mapya. Hapo nani anamlisha nani?"

Binti akacheka. Kisha akautazama mkanda, akaacha kucheka. Nikasema ni meno, siku hizi hayatafuni vizuri.

Meno yangu ni mazima.

Jumanne, 10 Juni

Kliniki. Daktari wa moyo ni kijana mwenye adabu, anazunguka sana. Nikamwambia asome hukumu kwanza, sababu baadaye. Akasoma. Moyo umechoka. Dawa zitanipa nafuu, si kupona. Mwaka mmoja, tukibahatika.

Akauliza nyumbani naishi na nani. Nikasema Wakili, Karani na Shahidi. Akaandika, akaonekana kuridhika.

Alisema nimwambie mwanangu. Nikasema nitamwambia. Nilitoka pale na hali nzuri ajabu, nikanunua mswaki mpya kwa ajili ya kuku.

Jumamosi, 14 Juni

Shahidi anachechemea. Binti aliposugua akaona ngozi katikati ya vidole imevimba, nyekundu, inanuka. Ni unyevu. Akaanza kujilaumu: wiki iliyopita aliharakisha, hakuwakausha sawasawa. Mimi ndiye niliyemshika kuku. Shahidi akageuza shingo akanitazama, na safari hii alionekana kujua kila kitu.

Halafu habari. Ofisini wanataka akasimamie upimaji wa njia ya reli, mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Miaka miwili. Ndicho cheo alichokuwa akikingoja. Wanataka jibu Jumatatu, tarehe 23.

"Nitawaambia hapana," akasema. "Hawa nitamwachia nani? Wewe kuinama huwezi. Mtazame Shahidi alivyo, na hapo nakuja kila wiki."

Nikasema, tuone. Hakimu mzima. Kesi nyepesi kuliko zote, nami nikaiahirisha.

Jumatano, 18 Juni

Kesho kutwa ni Ijumaa, na ndoo haitakuwepo. Nimetandaza maranda makavu bandani. Yaani fundi cherehani ametandaza, mimi nimeelekeza nikiwa kitini. Miguu ya Wakili safi, anatembea kama aliyeshinda rufaa.

"Mbona hukufanya hivi zamani, Mheshimiwa? Mtoto wa watu anasugua kucha za kuku kila Jumamosi."

Nikasema ubahili. Afadhali aniite bahili.

Sasa nafikiri hivi. Nikimwambia Binti habari ya matope, ataenda. Nikimwambia habari ya moyo, atabaki. Nikinyamaza atabaki pia, kwa ajili ya kuku, nami nitakuwa nimemwibia cheo chake kwa ndoo ya maji. Basi, nakiri matope. Moyo nabaki nao mwenyewe. Nimeona mara nyingi mahakamani: mtu akikiri kosa dogo haraka, hakuna anayejisumbua kuchimba kubwa.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika haraka. Nimeingia ndani nikisingizia miwani. Binti bado yuko uani, Shahidi mapajani mwake.

Alipofika alimpaka Shahidi dawa kwanza. Nikamwambia yote: ndoo, bomba, Ijumaa. Nilisimama, kama mshtakiwa anavyotakiwa. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliendelea kukausha, kidole kimoja kimoja.

"Nimeacha kwenda harusi ya rafiki yangu kwa ajili ya haya matope."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Najua. Lakini sasa banda ni kavu. Hawahitaji kuoshwa, wala hawakuwahi kuhitaji kila wiki. Ipokee kazi, nenda."

Nikajisifu moyoni. Hukumu fupi, safi. Nikageuka niende kuinjika maji ya chai.

"Kaa, Baba."

Nikakaa.

"Simu unayo. Ungenipigia ukasema njoo, ningekuja. Ulitaka kuku wa nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Kiburi. Mazoea. Hakimu haombi, huita. Lolote kati ya hayo angelikubali, ananijua. Lakini alikuwa ameinamia mguu wa Shahidi, akipuliza manyoya yakauke, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo, na sikuweza.

"Ningekupigia, ungeniuliza kama naumwa."

Taulo likatulia.

"Unaumwa?"

Wakili akaanza kuwika. Nikangoja amalize. Hakuwa na mpango wa kumaliza.

"Ndiyo."

Hakulia. Alimshika Shahidi vizuri zaidi, kama aliyeambiwa kuku anataka kuruka. "Tangu lini?"

Nikamwambia. Ndoo ya kwanza niliimwaga wiki ile niliyoanguka bafuni, nikashinda pale sakafuni hadi jioni, nikisikia cherehani ya jirani ikienda, na sikumwita.