Mlango Uliotokea kwenye Ukuta wa Altare

Newala, Alhamisi. Ukungu ulikaa mpaka saa mbili na baridi ya huku juu bado haijanizoea. Nimeketi kwenye rundo la mbao nje ya kikanisa, naandika kwa penseli ya kazi, maana mikono imekataa kufanya lingine lolote.

Jumapili Askofu anakuja kubariki. Leo asubuhi nimemwambia Mama Skola, mjane wa kaka yangu, ubaya niliomfanyia. Jibu lake limeniachia jambo ambalo sijui kama naliweza.

Niandike tangu mwanzo, labda nitapumua.

Kikanisa hiki ni wazo la Bruda Hilari, Mzungu mrefu asiyecheka, aliyechora ramani yake mwenyewe. Hakina mnara, hakina matao, hakina sanamu. Ni zege tupu. Nyuma ya altare ukuta mmoja umepinda kutoka pembe hadi pembe, na paa limeinuliwa kidogo juu yake ili mwanga uingie kwa mwanya mmoja tu, mwembamba na mrefu. Bwana DC alipopita aliuliza kama Wakatoliki wanajenga tangi la maji. Nilicheka, lakini hata mimi sikuwa nimeona kanisa pale. Mimi ni mtoto wa Waanglikana wa Masasi, nimezoea kanisa la mawe lenye kengele. Zege nilijifunza kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, na kule tulilimwaga ili mashine zisimame juu yake, hakuna aliyepiga goti.

Bruda alikataza plasta. Alikataza hata chokaa. Alitaka ukuta ubaki na sura ya mbao zilizoushika ulipokuwa mbichi, kila kifundo na kila ufa, kwa sababu ukuta wa kanisa, alisema, usidanganye. Hizo mbao ndizo zilizokuwa kazi yangu: kupiga maboksi ya kumwagia zege.

Siku ya kumwaga ukuta wa altare, lori la mbao lilikwama njiani kutoka Lindi. Nikabaki na pengo katikati. Mifuko ya saruji ilikwisha funguliwa, mapipa yalikwisha jaa maji, na maji ya huku si mchezo: wanawake huyapandisha kichwani kutoka bondeni, mlima mzima. Sikuwa na uso wa kuwaambia kazi imeahirishwa.

Pengo lilikuwa na upana wa mlango. Basi nikaenda kuchukua mlango.

Nyumba ya marehemu kaka yangu haiko mbali na hapa. Ilikuwa imefungwa tangu mazishi, na nyumba ya namna hiyo haiguswi mpaka ndugu wakutane kumaliza msiba. Mama Skola alikuwa amekwenda kwao. Nikang'oa mlango kwenye bawaba, nikaziba kwa jamvi, nikajiambia mbao ni mbao, nitaurudisha kabla hajaja. Upande wa nje ulikuwa umeliwa na mvua, kwa hiyo nikaugeuza, upande wa ndani ukatazama zege.

Tulipobandua mbao, mafundi wote walisogea kutazama.

Mlango ulikuwa ukutani. Nyuzi za mninga, matundu ya misumari, alama ya komeo, na chini kidogo mistari mitano iliyokatwa kwa kisu, ambayo katika zege imetokeza nje kama vidole. Alfajiri huoni kitu. Saa tatu mwanga unapoteremka kutoka ule mwanya, mlango unajitokeza polepole kuanzia juu, na adhuhuri umekwisha. Bruda aliupapasa akiwa amefumba macho. Akasema asiuguse mtu kwa patasi, kwamba hicho ndicho alichokitafuta kwenye karatasi siku zote akakikosa. Mlango wenyewe ulikuwa umegandia zege, ukapasuka vipande vitatu. Niliwaambia nimeuokota.

Kisha zikaanza sauti. Ukungu ukiondoka, ukuta hugonga, kavu, mara mbili, mara tatu. Bruda anasema ni zege linalopata joto. Namwamini. Nachingwea nilizisikia sauti hizo kila asubuhi wala sikugeuza shingo. Hapa naogopa, na ninaona haya kuandika hivyo, mtu mzima mwenye watoto.

Mama Skola alirudi wiki iliyopita, akaingia zamu ya maji. Kila siku hutua ndoo yake, husimama mbele ya ukuta, husema "Karibu," na kuondoka. Nilidhani anatukaribisha sisi mafundi. Nikawa naitikia, "Starehe." Mpumbavu mimi.

Leo nimeshindwa kuvumilia. Nilimkuta peke yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Nikasema yote kwa pumzi moja. Nimeng'oa mlango wenu, nimeuvunja, alama yake ndiyo hiyo ukutani, na ukitaka nitaichonga itoke leo hii hata Bruda akinifukuza.

Hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika.

"Niliujua siku ya kwanza," alisema. "Hiyo mistari nilikata mimi, nikipima watoto. Ni upande wa ndani huo, shemeji."

Sikumwelewa.

"Ukiuona mlango kwa ndani, basi wewe umo ndani. Sote humu tumo ndani. Aliye nje ni yeye, kaka yako. Humsikii anavyobisha? Mimi namkaribisha, haingii. Anayemsubiri si mimi."

Nilitaka kumwambia kuhusu zege na joto.

Sasa niandike ambalo hata mke wangu halijui. Kaka alioa Mkatoliki, akamfuata kanisani kwake, na baba akatukataza kumpokea. Masika yaliyopita alikuja kwangu Masasi. Alikuwa mgonjwa, sauti yake niliisikia haina nguvu. Alisema hodi mara tatu. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, napiga randa ubao. Nikanyamaza mpaka nyayo zake zikaisha. Hakumaliza mwezi.

Nilimpenda kaka yangu. Nilimwogopa baba zaidi.

Nilimuuliza Mama Skola, alipokuwa anajitwika ndoo, kaka aliporudi safari ile alisema nini.

"Alisema hukuwepo," alijibu. "Alisema randa ilikuwa inalia, alipobisha ikanyamaza."

Akatoka. Nikabaki na ukuta, na mwanga ulikuwa umefika kwenye komeo. Ukagonga. Nilivua kofia, nikafungua mdomo, na neno lile dogo ambalo nimemwambia kila mgeni maishani mwangu likakwama. Ukagonga tena. Nikakimbilia nje, nikazunguka mpaka nyuma ya ukuta. Palikuwa na mchanga mwekundu na nyasi zenye umande, hapana alama ya mguu wa mtu.

Zimebaki asubuhi mbili. Baada ya Jumapili patajaa watu na nyimbo, hakuna atakayesikia kitu. Kesho nitasimama pale tena kabla ya mafundi, nimkaribishe kaka yangu kwa sauti, kama inavyostahili.

Na akiingia je?