Siku Kumi na Tisa Peke Yetu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikiomba zikukute umeketi vizuri, mguu umeunyoosha kama daktari alivyokuagiza, si umesimama jikoni ukijidai mzima. Goti linaendeleaje? Nijibu ukweli, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amesharudi shuleni, anafundisha hesabu na kuwatoa jasho watoto wa watu. Mimi bado niko karakana kwa Mzee Gesi, natengeneza mafriji. Naye Bosi, ambaye wewe shangazi yake hujamwona ila kwenye picha, ana miezi tisa na meno mawili, na hayo mawili anayatumia ipasavyo. Juzi alimng'ata Mzee Gesi kidole, mzee wa watu akabaki anacheka huku machozi yanamlenga.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu, Dada, wewe huuliza “mko salama?” nami hujibu “tuko salama,” kisha tunazungumzia hali ya hewa. Nikisikia sauti yako nakuwa mtoto tena, na mtoto huficha. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya nusu siku, mtoto amelala, na nimekaa mezani na kalamu.

Kwanza nikuombe radhi. Bosi alipozaliwa nilikwambia mke wangu alilazwa siku mbili tu na mambo yote yalikwenda sawa. Haikuwa hivyo. Siku ya tano baada ya kujifungua alishikwa na homa kali, akarudishwa hospitali akiwa hajitambui. Madaktari walisema ana maambukizi tumboni na lazima apasuliwe. Kuhusu mtoto walisema wodi ile haimfai, nimpeleke nyumbani nikamlishe maziwa ya kopo. Wewe wiki hiyo hiyo ulikuwa umetoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Nilijua nikikwambia ungekuja hata kwa kutambaa. Nikanyamaza. Tukakaa mimi na yeye, siku kumi na tisa, peke yetu.

Nilikuwa najiona niko tayari. Mke wangu alipokuwa mjamzito aliniuliza kama niko tayari kuwa baba, nikamjibu haraka kama mtu aliyeulizwa kama gari lina mafuta. Nilikuwa nimepaka chumba rangi. Kitanda cha mtoto nilikiunga kwa mikono yangu, nikakitingisha, hakikulia hata kidogo. Nilidhani kujiandaa ni hivyo: kukaza nati zote, halafu mtoto anakuja anakuta kila kitu kimekaza. Dada, mtoto alikuja akakuta mimi ndiye niliyelegea.

Sikujua kwamba mtoto hulia hata akiwa ameshiba. Sikujua kuwa nepi ina mbele na nyuma. Siku ya kwanza nilimvalisha kinyume, shati langu likalipia. Mzee Gesi alikuja asubuhi moja akanikuta na soksi moja, akaniambia nisionekane karakana mpaka mke wangu atoke, na kwamba mafriji ya watu yatasubiri kwa kuwa hayalii. Ndiye aliyempa mtoto jina la Bosi, akisema hajawahi kuona mtu akimtumikisha fundi wake namna ile.

Siku hizo nilikukumbuka sana. Unakumbuka ulivyokuwa unakula umesimama? Mama alipofariki ulikuwa na miaka ishirini, mimi saba, mdogo wetu minne. Miaka yote ile nilikuona ukila umesimama karibu na jiko, sahani mkononi, na niliamini kwamba wewe unapenda kula hivyo. Hata niliwahi kuwaambia wenzangu shuleni kwamba dada yangu hapendi viti. Basi siku ya saba nilijikuta nimesimama jikoni, mtoto begani, nakula wali wa jana kwa mkono wa kushoto, na nikaelewa. Nilicheka, kisha nikalia, kisha Bosi naye akalia, tukawa kwaya.

Asante, Dada. Sijawahi kukwambia. Ulikuwa umeanza chuo cha uuguzi, ukaacha, na ulipotuambia umeacha ulisema chuo kilikuchosha. Tulikuamini kwa sababu ilitufaa kukuamini.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mke wangu tayari analijua. Wewe ni wa pili.

Siku ya kumi na moja mke wangu alirudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili. Asubuhi hiyo mimi nilitakiwa kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Muuguzi alimweka kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena. Uzito ulikuwa umepungua. Akauliza kwa sauti nani anamlisha mtoto huyu. Foleni nzima ya akina mama iligeuka. Nikasema ni mimi. Akaniuliza nachanganyaje maziwa, nikamweleza, akashika kichwa. Nilikuwa naweka kijiko kimoja mahali pa viwili. Mimi, Dada, ninayepima gesi ya friji bila kukosea hata gramu moja, nilikuwa namnyima mwanangu chakula siku zote zile huku nikishangaa kwa nini analia. Muuguzi akaniambia nikakae kwenye benchi, ataniita anifundishe.

Nilikaa. Mtoto akasinzia kwa uchovu. Nikamlaza kwenye benchi, nikamzungushia blanketi, nikaweka mfuko wake pembeni asianguke. Nikajiambia natoka kidogo kupata hewa. Nikafika getini, nikapita. Nikavuka barabara. Nikalipita duka la matairi nikafika kwenye taa za kuongozea magari, na hapo nikajua kwamba siendi kupata hewa. Nilikuwa nawaza kwa utulivu kabisa, na huo utulivu ndio unaonitisha mpaka leo. Niliwaza kwamba pale kuna wauguzi, watamkuta, watampa mtu anayejua. Niliwaza kwamba mama yake huenda asirudi, na mimi nitamuua kwa ujinga wangu. Niliona ni wema kumwacha.

Taa zikawaka kijani. Nilitia mikono mfukoni nivuke, nikagusa chupa yake. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Nikawaza jambo dogo tu: akiamka atataka hii, na wao hawana. Nikageuka nikakimbia, Dada, nikakimbia kama mwizi.

Kwenye benchi nilimkuta mama mmoja mfagizi, dekio ameliegemeza ukutani, mwanangu yuko mapajani mwake. Alinitazama usoni kwa muda, akatazama chupa. Kisha akasema kwa sauti, ili foleni isikie, “Haya, baba amerudi na maziwa!” Akanisogezea nafasi. Nilipokaa akaniuliza kwa kunong'ona nilifika wapi. Nikashindwa kudanganya. Nikasema, kwenye taa. Akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia mtoto, na akaniambia, “Mimi kwa yule wangu wa kwanza nilifika mbali zaidi.” Akachukua dekio lake akaendelea na kazi. Baadaye muuguzi aliniita, akanifundisha kupima, nikafanya mbele yake mara tatu. Wiki iliyofuata uzito ulipanda.

Mke wangu nilimwambia mwezi uliopita. Alikuwa anakunja nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kukunja, na siku mbili hakusema nami ila la lazima. Siku ya tatu asubuhi aliniwekea Bosi mikononi, akasema anawahi kipindi cha kwanza, akafunga mlango nyuma yake. Hakugeuka kutazama. Nilisimama pale nimemshika mtoto, na sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Sikuandikii ili unisamehe, maana kwako sina kosa zaidi ya kukuficha. Nimeandika kwa sababu tangu siku ile nawaza kuhusu wewe, msichana wa miaka ishirini, watoto wawili wasio wako, na mlango usiofungwa kwa ufunguo. Kama kuna siku nawe ulifika kwenye taa, sihitaji kujua. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi tulipoamka, ulikuwepo.

Goti likikuruhusu, njoo. Chumba kipo, na utakula umekaa, mimi ndiye nitakayesimama. Mke wangu anakusalimu kwa heshima, Mzee Gesi pia, na kidole chake kimepona. Bosi huyo, nasikia ameamka, ananiita kwa lugha yake.

Ni mimi mdogo wako, uliyemlea,
sasa baba wa mtu.